Nusu ya Mama Leticia

Saa moja na nusu asubuhi, kabla hata hajavua sweta, Eufrasia alifungua kabati la joto la maabara akachomoa sahani namba arobaini na saba. Namba hiyo aliibandika mwenyewe jana yake. Mgonjwa namba arobaini na saba hakuwa mgeni kwake. Alikuwa Leticia, binti yake wa miaka kumi, aliyelazwa wodi ya watoto, hatua chache kutoka hapo, mguu wa kulia umevimba kuanzia kifundo mpaka gotini na unanuka kiasi kwamba mama wa kitanda cha jirani alikuwa ameomba kuhamishwa.

Aliiinua sahani kwenye mwanga wa dirisha, akaitazama. Akaishusha, akafuta macho kwa kiganja, akaitazama tena.

"Yesu, Maria na Yosefu," alisema peke yake.

Kwa asiyeijua kazi hii, mambo huenda hivi. Usaha wa mgonjwa hupakwa kwenye sahani ya kioo yenye chakula cha bakteria kilichogandishwa, halafu juu yake vinapangwa viduara vidogo vya karatasi, kila kimoja kimeloweshwa dawa yake. Sahani inalala kwenye joto. Asubuhi, pale dawa ilipomuua bakteria panabaki patupu, kama uwanja uliofagiliwa kuzunguka karatasi. Pale alipoikataa, anaota mpaka kwenye karatasi yenyewe.

Kwenye sahani ya Leticia walikuwa wameota kila mahali. Penisilini, wameota. Tetrasaiklini, wameota. Kloramfenikoli, septrini, ampisilini, hivyo hivyo. Jentamaisini, ambayo Daktari Hironimus alikuwa akimchoma mtoto tangu Alhamisi huku akimwambia mama yake asiwe na wasiwasi, wameota mpaka mlangoni. Eufrasia alikuwa na miaka kumi na moja katika maabara ile ya hospitali ya misheni, na usaha wa watu wa Songea aliujua kuliko sura zao, lakini sahani yenye kiburi namna hii hakuwahi kuiona. Akatafuta stuli.

Alipoketi ndipo akaona kiduara cha mwisho, pembeni kabisa. Hicho kilizungukwa na uwanja mtupu. Haukuwa mpana, lakini ulikuwepo. Alisoma herufi zilizochapwa kwenye karatasi, akaenda kusoma na kopo walilopewa na wafadhili wa kizungu. Kolistini. Dawa hiyo hakuna mtu pale aliyewahi kumpa mgonjwa, viduara vyake vilikuja tu ndani ya kopo pamoja na vingine.

Ndani ya ule uwanja mtupu kulikuwa na vidoa vitano, vidogo kama ncha ya sindano. Eufrasia aliviona. Lazima niliseme hili mapema, kwa sababu yeye mwenyewe alichelewa sana kulisema. Aliviona, na angekuwa mtoto wa mtu mwingine angechukua lenzi, akavihesabu, akaviandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Lakini alikuwa mama kabla ya kuwa mtu wa maabara asubuhi ile. Akajiambia ni vumbi. Akapima uwanja kwa rula, akaandika: Kolistini, anasikia, yaani dawa inamuua.

Daktari Hironimus alikuwa Mmatengo wa Mbinga, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kusafisha miwani kila anapotaka kusema jambo baya. Aliisafisha miwani sana.

"Mama Leticia, nitakueleza kama mfanyakazi mwenzangu. Usaha umeshafika karibu na mfupa. Nikikosa dawa inayomuua huyu mdudu, nitaukata huu mguu chini ya goti, maana nikiuacha atanifia mtoto mzima."

"Dawa ipo, Daktari. Ipo moja. Nimeiona kwa macho yangu."

"Kolistini." Alishangaa, akairudia ile sahani. "Hii ni dawa ya zamani, mama. Watu waliiacha kwa sababu inauma figo. Sijui kama hata Dar wanayo."

Walikuwa nayo. Sista mmoja aliita kwa redio ya misheni, na Jumatano kindege cha wamisionari kikatua uwanja wa Songea kikiwa na boksi dogo la chupa kumi na mbili. Siku hizo mbili za kungoja Eufrasia alizunguka kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Alikuwa wodini, maabara, wodini, na jioni nyumbani Msamala kupika uji wa mgonjwa. Kila alipofika nyumbani alitafuta mtu wa kumtupia lawama.

Wa kwanza alikuwa mama mkwe wake, Bibi Ida. Leticia alipojikata na bati kwenye banda la kuku, siku kumi kabla, Eufrasia alikuwa kazini. Bibi ndiye aliyemwosha mtoto, kisha akafanya kile ambacho kila bibi wa Songea angefanya: alituma dukani zikaletwa kapsuli mbili za antibiotiki, zile za rangi mbili, akazipasua, akamwagia unga wake kwenye kidonda, akafunga na kitambaa cha khanga. Kidonda kilikauka juu vizuri kabisa. Chini kilikuwa kinachemka.

"Mama, shikamoo," Eufrasia alimwambia Jumatatu ile, na hiyo ndiyo heshima pekee aliyobakiza. "Rangi mbili ni za kumeza! Nani alikwambia kidonda kina mdomo?"

"Marahaba. Hata wewe nilikumwagia, ulipojikata na jembe mwaka ule wa ndoa yako. Ulipona au hukupona?"

Alipona. Eufrasia akageuka kwenda kukoroga uji.

Tuseme ukweli, Eufrasia alikuwa mtu wa kujisikia. Si kwa ubaya. Msamala nzima ilikuwa imemvimbisha kichwa. Mtu akiumwa tumbo anakuja kwa Mama Leticia, mtoto akitoka upele, kwa Mama Leticia, barua ya Kiingereza, kwa Mama Leticia. Na zilipoingia enzi za ruksa, biashara zikafunguliwa, maduka ya dawa yakaota kila kona na watumishi wote wakaanza kufuga kuku wa kisasa ili mshahara upate wa kuusindikiza, mambo ya kuku nayo yakaletwa kwake.

Mume wake Gaudence alikuwa wa kwanza mtaani. Alipopunguzwa kazi alirudi nyumbani na vyeti vyake kwenye bahasha, akakaa wiki mbili bila kuongea, halafu akajenga banda. Kundi la kwanza la vifaranga lilikufa kwa kuhara, karibu lote. Akaletewa kutoka Dar dawa ya unga wa kuchanganya kwenye maji, pakiti yenye picha ya jogoo mwekundu. Eufrasia ndiye aliyeyasoma maelezo, kwa kuwa yalikuwa ya Kiingereza. Kijiko kimoja kwa ndoo moja, kwa siku tano, kisha uache.

"Siku tano ukiacha, watarudi kuhara," aliamua. "Na pakiti itakuwa imekwisha. Weka nusu, lakini kila siku. Mwili uizoee."

Hakuna kuku aliyekufa tena kwa kuhara. Gaudence aliwasimulia majirani, majirani wakasimuliana mpaka Ruhuwiko, na kipimo kikapata jina. Ukimwuliza mfugaji yeyote wa upande ule anaweka dawa kiasi gani, anakujibu bila kufikiri: "Naweka nusu ya Mama Leticia." Alipolisikia mara ya kwanza, kanisani, wakati wa kutoka misa, Eufrasia aliona haya, lakini alitembea wima njia nzima mpaka nyumbani.

Jumatano jioni Leticia alichomwa sindano ya kwanza ya kolistini. Ijumaa homa ilishuka. Aliomba wali, akaomba na kamba yake ya kuruka, akaitundika kwenye chuma cha kitanda pale anapoweza kuiona. Alikuwa bingwa wa kamba darasa la nne, na aliapa kwamba mtoto mmoja wa Ruhuwiko aliyemshinda mwezi uliopita alimwibia hesabu.

"Mama, nikitoka nitaruka mia mbili."

"Utaruka mia tatu," alisema Eufrasia, akatoka nje akalia kwa furaha nyuma ya jengo la kufulia, mahali ambapo wafanyakazi wote hulilia.

Jumapili homa ilirudi kwa kasi. Leticia hakumtambua bibi yake. Usaha ulitoka tena, mwingi kuliko mwanzo, na mstari mwekundu ulikuwa umevuka goti. Eufrasia alichukua usaha mwenyewe, hakumwachia mtu, akaupaka, akapanga viduara, na Jumatatu asubuhi akafungua kabati la joto.

Safari hii hakuhitaji kwenda dirishani. Sahani nzima ilikuwa imefunikwa. Pale palipokuwa na uwanja mtupu wiki moja kabla, pembeni, kwenye kiduara cha kolistini, bakteria walikuwa wameota mpaka wakaipanda karatasi na kuzifunika herufi zake. Eufrasia alibaki ameishika sahani, mdomo wazi. Alisikia kitu kikivunjika, akadhani ni sahani, kumbe amegonga chupa kwa kiwiko bila kujua.

Vidoa vitano. Vilimrudia vyote, kila kimoja mahali pake. Havikuwa vumbi, walikuwa bakteria walioishinda dawa.

Alimpelekea daktari sahani. Daktari Hironimus aliitazama, akasahau hata kusafisha miwani.

"Haiwezekani," alisema. "Kwa siku nne? Mdudu huyu hakujifunza humu wodini. Alikuja anajua."

"Anajua nini, Daktari?"

Alimchorea kwenye karatasi ya dawa, duara kubwa na vijiti vidogo. "Huyu bakteria, ngozi yake ya nje ina umeme hasi. Kolistini ni kipande kifupi cha protini chenye umeme chanya. Vinavutana. Dawa inaing'ang'ania ile ngozi, inaipasua, mdudu anavuja anakufa. Sasa katika maelfu ya bakteria wapo wachache waliozaliwa na ngozi tofauti kidogo, wameipunguzia ule umeme. Dawa inafika, haipati pa kushika, inateleza. Ukiwapiga wote kwa nguvu na kwa muda mfupi, hao wachache hawapati nafasi. Ukiwaonjesha kidogo kidogo, siku nyingi, unawaua ndugu zao wanyonge na kuwaachia hao shamba lote. Wanazaana wao tu." Akaweka kalamu chini. "Na ubaya zaidi, miili yetu yenyewe inatengeneza dawa za jamii hii. Kwenye ngozi, kwenye chembe nyeupe za damu. Aliyejifunza kuikwepa hii, huenda anazikwepa na zile alizopewa mtoto na Mungu. Labda ndiyo sababu kidonda kimekwenda mbio hivi."

"Mimi niliona vidoa," alisema Eufrasia.

"Vidoa gani?"

"Kwenye sahani ya kwanza. Ndani ya uwanja. Vitano. Sikuandika."

Daktari alimtazama, na ile sura yake ya upole ilibadilika, ikawa sura ya mtu aliyepigwa kofi na mtu ambaye hakumtarajia. Hakumfokea, na bora angemfokea.

"Ungeandika ningeukata mguu chini ya goti siku ile ile," alisema polepole. "Sasa ni juu, tena juu sana. Kesho asubuhi. Leo umlete baba yake tuzungumze." Alipofika mlangoni akageuka. "Lakini nani alimwonjesha huyu mdudu kolistini? Songea hii, nani anayo? Waulize nyumbani. Kama kuna mtu amenunua kitu mahali, nataka kukijua kabla hakijamfika mtoto mwingine."

Alishuka Msamala kwa miguu, jua kali la mchana, bila kuitikia salamu za watu. Kwanza alimwendea Bibi Ida, aliyekuwa anapembua maharage kwenye ungo.

"Mama, nakuomba kwa jina la Bikira Maria. Mbali na rangi mbili, ulimwekea nini mtoto?"

Bibi Ida aliuona uso wa mkwewe, akauweka ungo chini. "Maji ya moto na chumvi, mwanangu. Na rangi mbili. Naapa mbele ya msalaba huo hapo."

Eufrasia aliamini. Akazunguka nyuma ya nyumba. Gaudence alikuwa bandani, ameinama, anamimina maji kwenye madebe ya kunyweshea, na kuku zaidi ya mia wakimzonga miguuni. Bati lililomkata Leticia lilikuwa limekunjwa na kugongelewa misumari, na kila Gaudence alipolipita alilitazama kwa chuki. Maji yalikuwa na unjano kidogo.

Eufrasia aliyatazama maji hayo. Alikuwa ameyaona kila siku kwa miaka mitatu.

"Baba Leti," alisema. "Pakiti ya hiyo dawa iko wapi?"

"Pakiti tulishatupa, si tunamimina kwenye kopo? Vipi mtoto?"

"Naitaka pakiti!"

Alipiga kelele mpaka kuku wakaruka. Gaudence hakuwahi kumsikia hivyo. Aliingia stoo, akapekua, akarudi na pakiti mpya isiyofunguliwa bado, yenye jogoo wake mwekundu na jina kubwa la kibiashara. Eufrasia aliigeuza. Maelezo yale yale aliyoyasoma zamani. Kijiko kimoja, siku tano, kisha uache. Chini kabisa, kwa herufi ambazo siku ile hakuona haja ya kuzisoma, kulikuwa na mstari mmoja unaotaja kilichomo ndani. Alilisoma lile neno, akalisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Ni wewe," alimwambia mumewe. Sauti ilimtoka nyembamba. "Ni wewe na kuku wako. Mtoto amejikata kwenye mavi ya kuku wanaokunywa dawa hii kila siku ya Mungu. Umewafuga wadudu, Gaudence! Kesho wanamkata mguu Leticia juu ya goti!"

Gaudence aliketi chini, pale pale kwenye maranda na samadi. Hakujitetea. Mwanaume aliyekuwa hajui kolistini ni nini alipokea tu, kama alivyopokea bahasha ya kupunguzwa kazi. Alichofanya ni kunyoosha mkono alioshikia kijiko cha kupimia dawa, ili amkabidhi mkewe, maana hakuona kitu kingine cha kumpa.

Kilikuwa kijiko cha plastiki kilichokuja na pakiti ya kwanza. Katikati ya tumbo lake kulikuwa na mstari mweusi, umenyooka vizuri, umechorwa kwa wino wa maabara usiofutika, ule wa kuandikia namba za wagonjwa kwenye sahani. Na kwenye mpini, kwa mwandiko safi ambao Daktari Hironimus huusifu kila mwisho wa mwezi: NUSU, KILA SIKU. M. LETICIA.

Eufrasia alishika nguzo ya banda, mti ukamchoma kiganja. Miaka mitatu alikuwa anawakaripia watu kwa kumeza rangi mbili nusu nusu, akawacheka, akawaita washamba, na miaka hiyo hiyo mitatu kijiko chake kilikuwa kinafanya kazi kila asubuhi. Alitaka kumwambia Gaudence inuka, si wewe. Akakaa kwanza karibu naye, kwenye samadi, na sare yake nyeupe.

"Si wewe," alisema mwisho.

"Sasa ni nani?"

Akampa kijiko akisome.

Mambo ya maabara humng'ang'ania mtu hata akiwa amevunjika. Kabla ya kurudi hospitalini alichovya pamba kwenye tope la debe la kuku, akaifunga kwenye kichupa. Jumanne saa tatu asubuhi, Leticia akiwa chumba cha upasuaji na Gaudence ameinama kwenye benchi la nje akisali rozari pamoja na mama yake, Eufrasia alikuwa amesimama mbele ya kabati la joto na sahani mbili mkononi, ya mguu na ya debe. Zilifanana kama mapacha. Kwenye zote mbili kiduara cha kolistini kilikuwa kimepandwa juu. Aliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu, safari hii bila kuacha kitu, na vile vidoa vitano vya wiki iliyopita akavirudia na tarehe yake. Alipomaliza alisikia magurudumu ya kitanda kwenye korido, na hakuthubutu kufungua mlango mpaka yalipopita.

Leticia aliishi. Homa ilikatika siku ya tatu, maana mdudu alikuwa ameondoka na mguu. Blanketi lilikuwa na kilima upande mmoja, na upande wa pili lilikuwa tambarare. Kamba ya kuruka ilikuwa bado imetundikwa kwenye chuma cha kitanda. Hakuna aliyejua kama aitoe au aiache.

Jumamosi yake, saa ya kutazama wagonjwa, wodi ilijaa. Bibi Ida alikuwepo, na Gaudence, na mwalimu Tumpe, jirani yao aliyehamishiwa Songea kutoka Tukuyu, mwanamke mcheshi wa watoto wanne. Tumpe alikuwa amekuja na jogoo mzima chini ya kwapa, miguu imefungwa kwa ukambaa wa mgomba, wa kumpikia mgonjwa supu.

"Huyu ni wa kwetu mwenyewe," alimwambia Eufrasia, akimweka sakafuni. "Toka Januari sijazika hata mmoja, ndaga, asante sana Mama Leti. Nusu yako hiyo! Hata mdogo wangu wa Ruhuwiko nimempimia. Juzi kitinda mimba wangu kapata kijipu, nikamwosha na maji yale yale ya kuku. Nikasema, kinachofaa kuku kitamfaa na mtoto. Ila hakitaki kukauka, nilitaka nikuulize."

Gaudence aliinua macho, akamtazama mkewe. Bibi Ida aliacha kumenya chungwa. Eufrasia alipogeuza uso alikutana na macho ya Leticia, makubwa baada ya homa, yanamngoja.

"Mama," alisema Leticia. "Bibi anasema ni shetani. Baba anasema ni bati. Wewe ndiye unayewaona kwenye mashine. Yule mdudu alitoka wapi?"

Angeweza kusema baadaye. Angeweza kusema utaelewa ukikua. Watu wazima tuna maneno mengi ya namna hiyo, na Eufrasia aliyajua yote.

"Alitoka bandani kwetu," alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Tumpe. "Dawa ya kuku na dawa uliyochomwa wewe ni moja. Mimi niliwaambia watu waweke nusu, waweke kila siku. Mdudu akaizoea. Nilimlea mimi, mwanangu. Na alipofika kwenye mguu wako nikamwona, nikajifanya sikumwona."

Leticia aliwaza, uso umekunjana kama anapofanya hesabu.

"Pakiti ilisema nusu?"

"Hapana. Ilisema kijiko kizima, siku tano, kisha uache."

"Sasa kwa nini wewe ulisema nusu?"

"Nilidhani najua."

Tumpe alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Kisha alitoka bila kuaga, akapiga kikumbo benchi, na kupitia dirishani walimwona anakata uwanja wa hospitali mbio, kandambili moja imembaki nyuma, akielekea Msamala kwa mwanawe. Eufrasia alijua lazima amfuate. Alijua lazima apite nyumba kwa nyumba, yeye na mdomo wake, kuanzia leo. Akasimama. Lakini hakuweza kuondoka pale kitandani kabla mtoto hajasema neno lolote, hata la kumtukana.

Leticia hakuwa anamtazama tena. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni ya kitanda, anamwangalia jogoo wa Tumpe anayejisukuma sakafuni kwa mabawa, anajaribu kusimama na kuanguka.

"Mfungueni miguu," alisema Leticia. "Hamwoni anavyohangaika?"

Gaudence alipiga magoti akaanza kufungua fundo la ukambaa. Fundo lilimshinda, ikabidi Eufrasia naye apige magoti amsaidie.